Msumeno wa pili subiri kwanza

Mkuu, umesema hapo Mafinga mbao 600 zinasubiri mashine ya kuranda, inayoranda 200 kwa siku, na unataka kuongeza msumeno. Hesabu yake: 600 gawa kwa 200, mbao ya leo inakaa foleni siku 3. Kiwanda chote kinakwenda kwa mwendo wa hiyo randa. Msumeno mpya utaongeza tu rundo linalosubiri randa, linyeshewe (na mvua za Iringa unazijua).

Simama na saa pale kwenye randa nusu siku. Andika dakika inazoranda na dakika inazosimama ikisubiri visu vyake vinolewe. Mara nyingi hapo ndipo siku inapopotelea. Nunua seti ya pili ya visu, moja inolewe pembeni nyingine ikifanya kazi. Vijana wa msumeno wakiwahi kumaliza, wakamsaidie wa randa kupanga mbao.