Maswali ya Wasomaji: Panya Chini ya Boneti

Katika safu ya mwezi uliopita tuligusia kwa maneno machache tu suala la panya wanaoharibu magari, na barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba maneno yale hayakutosha. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyaacha, kama walivyoomba wenyewe.

SWALI

Ndugu Fundi, ninaishi Umoja na ninamiliki Toyota Corolla ya mwaka 1994, ambayo huegeshwa karibu na pipa la takataka la ploti yetu. Wiki tatu zilizopita ilianza kukosa nguvu na kutetemeka. Fundi alifungua boneti akakuta nyaya tatu zimetafunwa karibu na injekta (vifaa vinavyopulizia petroli ndani ya injini), akazisokota kwa mkono na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Baada ya siku kumi tatizo limerudi, na safari hii kuna nyaya nyingine mbili zilizotafunwa. Jirani ananiambia kwamba nyaya za magari ya Kijapani hutengenezwa kwa soya, ndiyo maana panya huzipenda. Je, ninunue fungu zima la nyaya kule Grogan, soko la vipuri vya magari jijini Nairobi, au niuze gari tu?

JIBU

Ndugu yangu wa Umoja, gari usiliuze, na fungu la nyaya usilinunue bado.

Fundi wako hakukosea kuona palipotafunwa; alikosea namna ya kuunga. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu hufanya kazi vizuri siku ile unapotoka gereji, kwa sababu shaba bado ni safi na tepu bado imekaza. Lakini karibu na injini joto huilainisha gundi ya tepu hadi ikaanza kuteleza, unyevu ukaingia, shaba ikaota ukungu wa kijani, na msokoto ukalegea kwa mtikisiko, mpaka umeme unaoifikia injekta unakuwa mdogo kuliko unaotakiwa. Kwako panya amerudi kweli, lakini hata asingerudi, viungo vile visingemaliza msimu wa mvua.

Kazi inayofaa ni hii. Kwanza fundi atenganishe upande hasi wa betri. Kisha asikate waya pale penye alama za meno tu, bali arudi nyuma mpaka akute shaba inayong'aa, kwa maana shaba iliyogeuka nyeusi haishiki risasi ya kulehemea. Kipande anachoongeza kiwe na unene ule ule na, ikiwezekana, rangi ile ile, ili fundi atakayekuja baada ya miaka mitano asitulaani sote. Kabla ya kuunga avishe waya ule mpira mwembamba unaonywea kwa joto (wengi huukumbuka mpira huo wakiwa wamekwisha kulehemu, kisha hurudi kwenye tepu kimyakimya), alehemu, ausogeze mpira juu ya kiungo, na aupashe moto mpaka ushike. Nyaya zilizokatika mahali pamoja zisiungwe mahali pamoja. Kila kiungo kikae sentimita mbili au tatu mbali na mwenzake, ili visigusane wala kufanya uvimbe mmoja usioingia katika bomba la plastiki linalozifunika nyaya.

Muulize pia kama ana mita ya umeme. Akipima volti kati ya mwanzo na mwisho wa waya aliouunga, huku kifaa kikiwa kinafanya kazi, tofauti isizidi takribani volti 0.2, ikizidi, kiungo ni kibovu hata kama kinapendeza machoni. Na fyuzi ikikatika njiani, usikubali kuwekewa ya amperi 30 mahali pa 15, kwa sababu hapo waya wenyewe ndio unaogeuka kuwa fyuzi, nao hupita chini ya dashibodi, mbele ya magoti yako.

Fungu la nyaya la Grogan lilitoka katika gari lingine lenye umri kama wa lako, na huenda nalo lina meno yake. Isitoshe, Corolla za kizazi hicho ziliuzwa zikiwa na injini za aina kadhaa, hivyo vichwa vya nyaya huweza kukosa kulingana. Fungu zima linunuliwe pale tu ambapo plastiki ya nyaya zako inakatika kila ukiikunja.

Kuhusu soya, jirani yako hakuyatunga. Baadhi ya watengenezaji wa magari wamekuwa wakitumia malighafi zitokanazo na mimea katika maganda ya nyaya, na huko Marekani wenye magari wamekwenda mahakamani kwa sababu hiyo. Hata hivyo, panya walikuwa wakitafuna nyaya za plastiki ya kawaida miaka mingi kabla ya mjadala huo kuanza. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua. Yasipochakazwa, huongezeka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Panya hutafuna mbao, mabomba na hata saruji dhaifu, ambavyo havina ladha yoyote ya soya. Honda huuza tepu iliyotiwa ukali wa pilipili ya kufungia nyaya, nayo husaidia, lakini hulinda ule waya uliofungwa tu. Panya huhamia kwenye waya ulio kando yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague barua yako. Umeandika mwenyewe kwamba gari huegeshwa karibu na pipa. Panya hula pipani, kisha hutafuta mahali pakavu, penye giza na joto, hatua chache kutoka mezani pake, na injini iliyozimwa saa mbili usiku humpa vyote hivyo. Kabla hujamlipa fundi shilingi nyingine, mwombeni mwenye ploti pipa lenye kifuniko kinachofunga, kisha wewe uegeshe upande wa pili wa uwanja, mbali na ukuta, majani marefu na rundo la mawe ya ujenzi. Baada ya siku mbili, toka usiku na tochi ufungue boneti. Tazama juu ya betri na kando ya sanduku la filta: vinyesi vibichi ni vyeusi na laini, vya zamani ni vya kijivu na huvunjika vikiguswa. Ukikuta vibichi, usiunge waya wowote kwanza. Utakuwa unampikia mgeni.

Wako wanaoacha boneti wazi usiku kucha ili kuondoa giza na joto. Ni dawa nzuri ndani ya gereji yenye kufuli. Kwa Umoja siipendekezi, maana panya atakuachia gari lakini betri hutaiona asubuhi.

SWALI

Mpendwa Fundi, mimi ni mama wa Kasarani. Nikiwasha feni ya gari langu, Nissan Sunny ya zamani, hutoka harufu kali ya mkojo na vipande vidogo vya sponji. Kijana wa kuosha magari amesema atapuliza mirija yote kwa kompresa. Nina mtoto mchanga anayepanda gari hilo kila siku. Je, nimruhusu?

JIBU

Mama, usimruhusu. Kompresa italisambaza vumbi la mkojo na kinyesi kwenye viti, kwenye paa na katika pua ya mtoto. Usiwashe feni tena mpaka kazi iishe, na mtoto asipande gari hilo kwa sasa.

Magari mengi ya miaka ya 1990 hayakuwekewa filta ya hewa inayoingia ndani ya gari. Panya hupita chini ya wipa, penye mdomo wa kuvutia hewa, na kuteremka moja kwa moja hadi kwenye feni, ambayo hukaa nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Humo ndimo alimotandika sponji zako, na zimeng'olewa ama chini ya boneti ama ndani ya kiti cha nyuma. Feni hufunguliwa kwa skrubu chache tu kutoka chini. Katika gari langu mwenyewe niliwahi kutoa humo punje za mahindi, kipande cha chapati kilichokauka kama kigae, na nusu ya risiti ya petroli ambayo bado ilisomeka.

Anayefanya kazi hiyo afungue milango yote kwa nusu saa kwanza, avae glavu za mpira na barakoa, na asifagie kitu kikiwa kikavu. Achanganye dawa ya klorini ya nyumbani, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, anyunyizie kiota mpaka kilowe, angoje dakika 5, kisha akiokote kwa karatasi na kukitia katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira, ambavyo huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo wa ngozi, kwa hiyo glavu si mapambo. Dawa hiyo isimwagwe kwenye mota ya feni wala kwenye viungo vya nyaya, maana klorini hula chuma na shaba. Hapo kitambaa chenye maji ya sabuni, kilichokamuliwa vizuri, kinatosha. Harufu ikibaki baada ya hapo, kuna kiota cha pili, na mara nyingi huwa chini ya zulia.

SWALI

Fundi, hapa Pangani hupita wachuuzi wenye vipaza sauti wakiuza sumu ya panya. Wengine wananishauri niweke naftalini chini ya boneti, na mpwa wangu ameniletea kidude cha umeme kinachotoa mlio usiosikika na binadamu. Nichague kipi?

JIBU

Mzee wangu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ningekiweka katika gari langu.

Sumu nyingi za panya huua kwa kuzuia damu isigande, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Panya huweza kwenda kufia ndani ya mlango wa gari, pahali ambapo utamnusa kwa wiki nzima bila kumwona. Paka au bundi atakayemla panya aliyelegea naye hudhurika. Zile za wachuuzi zisizo na lebo ni hatari zaidi, kwa kuwa hujui ni kitu gani, na mtoto akiigusa daktari hatajua aanze wapi. Naftalini huisha haraka chini ya boneti penye upepo, na ndani ya gari mvuke wake ni sumu kwa wanaokaa humo. Milio ile panya huizoea, na haipenyi vitu vigumu.

Tumia mtego wa kubana, Mzee. Uweke chini, kando ya ukuta panapopita panya, sehemu ya chambo ikielekea ukutani, na uufunge kwa waya usije ukakokotwa. Chambo kiwe omena (dagaa) au siagi ya karanga. Panya huogopa kitu kipya, kwa hiyo mwachie mtego usiotegwa siku tatu nne ale bila wasiwasi, halafu utege.

SWALI

Fundi, marehemu baba alituachia pikapu ya Peugeot 504 yenye kabureta, ambayo imekaa Dagoretti kwa miaka miwili bila kuwashwa. Nimenunua betri mpya na ninataka kuiwasha Jumamosi. Je, kuna la kuangalia kuhusu panya?

JIBU

Pole kwa msiba, kijana. Gari hilo linastahili subira. Ndugu zake, Peugeot 504 zisizo pikapu, zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Betri hiyo isubiri.

Anza kwa kunusa na kutazama. Fuata mrija wa petroli kutoka tangini hadi kwenye pampu na kabureta, ukiushika kwa vidole kila mahali ulipo wa mpira, na ubadilishe wote hata kama una alama ya jino moja tu. Petroli inayodondokea injini yenye moto haikupi nafasi ya pili. Kisha angalia juu ya eksosi, pale inapotoka kwenye injini, kwa sababu kiota cha nyasi na karatasi kilichokauka hapo huwaka dakika chache baada ya injini kushika. Fungua sanduku la filta ya hewa. Toa kila kitu, futa, weka filta mpya. Chungulia mwisho wa bomba la eksosi kwa tochi. Petroli ya miaka miwili imwagwe katika chombo salama, oili ibadilishwe, mafuta ya breki na mirija yake ya mpira vikaguliwe na fundi. Mwishowe toa plagi na uizungushe injini kwa spana, polepole, uone kama inakubali. Hapo ndipo betri ifungwe, na mtu mmoja asimame kando na kizima moto.

Likishawaka, lifungie milango ya panya. Nunua wavu wa mabati wenye matundu ya milimita 6. Ule wa kuku haufai, kwani kipanya kidogo hupita kama anayeingia sokoni. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakukatia na kukukunjia kipande cha kufunika mdomo wa hewa chini ya wipa na kingine cha mdomo wa filta, vyote vikazwe kwa skrubu ili uweze kuvitoa na kupiga vumbi. Usisokomeze steelwool ya kusugulia sufuria kwenye njia ya filta, maana nyuzi zake hukatika na injini huzivuta.

Gari likibaki kukaa wiki nyingi, bomba la eksosi lizibwe kwa kitambaa, na kipande cha kitambaa hicho hicho ukifunge kwenye usukani mahali utakapokigusa kabla ya ufunguo. Mimi nilisahau mara moja, na nilikaa dakika arobaini nikimlaumu mtu aliyeniuzia plagi.