Taa ya Injini Ikirudi, Usikimbilie Kufuta

Vijana wangu wa gereji, wiki hii nimeona tena yale yale. Gari linaingia taa ya injini ikiwaka, na kabla mwenyewe hajamaliza kueleza, skana, mashine ya kusoma makosa ya injini, imeshachomekwa na namba ya kosa imeshafutwa. Taa inazimika, mteja anafurahi, analipa. Siku chache baadaye yuko getini tena, na sasa hana furaha. Mna mikono mizuri na ninawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Andika kabla ya kufuta. Pamoja na namba, kompyuta ya gari huhifadhi hali ya injini wakati kosa liliponaswa: kasi, mizunguko, joto la maji, mzigo. Maji yakiwa nyuzi 20, injini ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa. Yakiwa 90 na mzigo ukiwa mkubwa, gari lilikuwa linapanda mlima. Ukifuta, hayo yote yamekwenda na mteja hawezi kukukumbushia.

2. Taa kuzimika si kupona. Makosa mengi, hasa ya mafuta na hewa, hayawashi taa mara moja. Kompyuta huyaona safari ya kwanza na kuyaweka kando, na yakijirudia safari inayofuata ndipo taa huwaka. Kwa hiyo ukizunguka na mteja hadi mtaa wa Section 58 na kurudi bila taa, hujathibitisha lolote. Fungua kwenye skana ukurasa wa namba zinazosubiri, yaani makosa yaliyoonekana lakini bado hayajawasha taa. Na kuchomoa waya wa betri ni kufuta vile vile, tena unaipotezea kompyuta yale iliyojifunza.

3. P0171, namba ya hewa nyingi na mafuta kidogo, haikuambii ununue sensa ya oksijeni. Hapa nivumilieni, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kuna Toyota Fielder ya injini ya 1NZ-FE yenye namba hiyo ililetwa na mama anayechukua samaki Kisumu na kuuza hapa Nakuru. Taa ilikuwa inawaka akishapita Ahero na kuanza kupanda kuelekea Kericho. Gereji moja ilikuwa imeshambadilishia sensa ya oksijeni. Ikaja kwetu, kijana wetu mmoja akafuta namba, akaweka plagi mpya, akasafisha sensa ya hewa. Taa ikarudi. Akamtuma mama akanunue sensa nyingine ya oksijeni, ex-Japan. Mama akanunua, na taa ikarudi. Alipokuja mara hiyo hakugombana na mtu. Aliuliza tu kama auze gari. Kijana mwenyewe alikosa la kusema, na mimi niliumia kwa ajili yao wote wawili.

Sensa ile ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo: hewa ni nyingi, mafuta ni kidogo. Tukasubiri taa iwake tena, tukasoma kabla ya kugusa chochote: injini moto, mzigo mkubwa, kasi ndogo. Kupanda mlima. Gari likiwa limesimama, marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, yalikuwa ya kawaida. Tukaweka gia ya D, mguu kwenye breki, tukakanyaga mafuta kidogo. Injini ikainama, kwa sababu mauntingi moja, kishikizo cha injini, ilikuwa imechoka, na asilimia ikaruka juu. Paipu ya mpira kati ya sensa ya hewa na throtoli, mlango wa hewa wa injini, ilikuwa imepasuka ndani ya mikunjo yake. Injini ikitulia, ufa unajifunga. Ikiinama, unafunguka na kuvuta hewa ambayo sensa haikuipima. Paipu na mauntingi, basi.

Kwa hiyo: asilimia ikiwa juu gari limesimama na ikashuka ukifika mizunguko 2,500, tafuta hewa inayoingia baada ya sensa ya hewa. Ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, angalia presha ya mafuta, filta, na uchafu kwenye sensa ya hewa.

4. Taa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mwambie mteja aache kukimbiza gari. Mafuta yasiyoungua yanaenda kuchoma katalitiki, kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Ukipata P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri, hamisha koili ya silinda ya kwanza hadi ya tatu. Ikigeuka P0303, ya silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu.

5. P0420, namba ya katalitiki isiyofanya kazi vizuri: kagua kwanza kama ekzosi inavuja kabla ya kuhukumu katalitiki. Na fundi anayekata katalitiki nzima ya mteja ili aiuze, tusimwite mwenzetu.

6. Toyota za zamani zisizokubali skana, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya ukaguzi kwa waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyowaka.

Ukishatengeneza, ndipo ufute. Liache gari lipoe usiku kucha, liwashe asubuhi likiwa baridi, liendeshe hadi lipate joto kamili, liache lipoe tena na urudie. Marekebisho ya mafuta yakikaa karibu na sifuri na hakuna namba inayosubiri, mpigie mteja simu aje achukue gari lake.