Asubuhi anatembea, jioni mguu unapinda: ni mtindio wa ubongo?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 8. Akiamka anatembea vizuri, hata maji anateka. Jioni mguu wa kushoto unapindia ndani, anauburuta, anaanguka. Kliniki walisema ni mtindio wa ubongo. Jirani anasema karogwa. Mbona akilala anapona?
Mama, Arua

JIBU: Mama, hilo la usingizi ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mtindio wa ubongo ni jeraha lililoupata ubongo ukiwa mchanga. Mtoto mwenye mtindio huchoka jioni, ni kweli, lakini haamki akiwa mzima kesho yake.

Upo ugonjwa wa kurithi unaofanana sana na maelezo yako. Daktari Mjapani Masaya Segawa aliueleza miaka ya 1970, nao huitwa kwa jina lake. Ubongo hutengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa misuli, kutokana na tairosini, kijenzi cha protini tunachokipata kwenye chakula kama maharagwe na samaki. Kazi hiyo inahitaji kisaidizi kiitwacho BH4. Jeni ya GCH1 ikiwa na kasoro, BH4 huwa haba. Dopamini kidogo iliyokusanyika usiku hutumika mchana, na ikifika jioni imekwisha. Hakuna aliyemroga mtoto.

Kasoro kutoka kwa mzazi mmoja yatosha, na wasichana huonyesha dalili zaidi kuliko wavulana. Kwa hiyo ulizia pande zote mbili: kuna shangazi anayechechemea, au babu anayetetemeka mikono?

Dawa ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa, ile ile ya wazee wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Levodopa hugeuka dopamini bila kuhitaji BH4. Kabidopa huizuia isigeuke kabla haijafika ubongoni. Daktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole. Kama ndio ugonjwa wenyewe, mabadiliko huonekana ndani ya siku au wiki chache, na jibu hilo ndilo kipimo tunachokitegemea zaidi. Nimeona watoto wakiacha magongo, ndiyo maana huniuma mtoto akibandikwa jina la mtindio bila kujaribiwa dawa hii. Hata hivyo, watoto wengi wenye mtindio wana mtindio kweli, nao haitawaponya.

Levodopa hutia kichefuchefu, na hapa ndipo pa hatari. Kliniki nyingi mtoto akitapika hupewa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Hiyo huizuia dopamini na inaweza kumkaza misuli zaidi. Ikataeni, mwambieni daktari wenu.

Usinunue levodopa dukani ukampa mwenyewe. Omba rufaa kwa daktari wa neva wa watoto, hospitali ya Mulago, Kampala, wapo. Kabla ya safari mrekodi kwa simu siku moja, mara mbili: akitoka kitandani, na saa kumi na mbili jioni, akitembea uani pale pale. Mwonyeshe daktari video hizo kwanza, maelezo yafuate.