Je, nguruwe wa kloni ana kizazi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafasiri makala ya sayansi kuhusu nguruwe wanaopatikana kwa kloni mfululizo, yaani seli ya nguruwe mmoja inatumiwa kumpata wa pili, seli ya huyo wa pili inatumiwa kumpata wa tatu, na kuendelea. Niliandika "nguruwe wa kizazi cha nne". Mhariri wangu amelifuta neno kizazi kwa hoja kwamba hapo hakuna aliyemzaa mwenzake, kisha akaandika "kitukuu wa nguruwe wa kwanza". Nani kati yetu amekosea? Na kitenzi chake ni kukloni au kuklonisha?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako ameona tatizo la kweli, lakini katika kuziba ufa amebomoa ukuta.

Tuanze na jambo lenyewe. Seli ya mwili, mathalani ya ngozi, huchukuliwa kwa nguruwe anayekusudiwa. Seli ya yai ya jike mwingine huondolewa kiini chake, na mahali pake huingizwa kiini cha ile seli ya mwili. Yai hilo likishaanza kugawanyika na kuwa kiinitete, hupandikizwa katika tumbo la jike wa tatu, ambaye ndiye anayebeba mimba na kuzaa. Kwa njia hiyo vilizaliwa vitoto vitano vya kwanza vya nguruwe wa kloni huko Virginia, Marekani, mwezi Machi 2000, miaka minne hivi baada ya Dolly, kondoo wa kloni wa Uskochi.

Sasa uliza: mama ni nani? Aliyetoa yai hakutoa kiini, aliyezaa hakutoa yai, na aliyetoa kiini hakubeba mimba, tena huenda akawa dume. Kwa upande wa urithi, nguruwe wa kloni na yule aliyetolewa seli wana baba mmoja na mama mmoja, isipokuwa sehemu ndogo sana ya urithi iliyomo katika mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyoipatia nishati, ambayo hutoka kwa mwenye yai. Kwa hiyo wawili hao ni kama mapacha waliopishana miaka. Ukirudia kazi hiyo mara nne, au mara arobaini, undugu haubadiliki: wote wanabaki mapacha. Hapo ndipo "kitukuu" linapoanguka, kwa sababu mjukuu, kitukuu na kilembwe ni majina ya nasaba, na nasaba hupita kwa mzazi. Isitoshe, hata tungeukubali ukoo huo, hesabu haikai sawa. Kloni ya kwanza ingekuwa mwana, ya pili mjukuu, ya tatu kitukuu, na ya nne kilembwe.

Neno kizazi nalo limetokana na kitenzi zaa, pamoja na mzazi na uzazi, na hoja ya mhariri inasimama hapo. Lakini lugha imekwisha kulitoa neno hili katika chumba cha uzazi. Tunasema kizazi cha sasa kwa maana ya watu wa rika na wakati mmoja, hata kama hawana udugu wowote, na tunasema mtandao wa kizazi cha nne ilhali simu haijawahi kuzaa simu. Maana ya hatua inayofuata hatua imekwisha kukubalika, na hiyo ndiyo inayohitajika hapa. Nimefikiria pia uzao, nikaliacha, kwa sababu wafugaji hulitumia kuhesabu mara ambazo jike amezaa, na "nguruwe wa uzao wa nne" angeeleweka vingine kabisa. Jihadhari tu na kitenzi utakachokiweka karibu nalo: ukiandika kwamba watafiti "wametoa kizazi cha nne cha nguruwe", msomaji aliyewahi kuuguza mgonjwa wa upasuaji atadhani kuna nguruwe aliyeondolewa mji wa mimba.

Kilichobaki ni kueleza unaanzia wapi kuhesabu. Watafiti humweka mwenye seli ya awali nje ya hesabu, na kloni yake ndiyo kizazi cha kwanza. Ndivyo walivyohesabu watafiti wa Chuo Kikuu cha Meiji, Japani, walipotangaza mwaka 2007 kwamba wamempata nguruwe wa kizazi cha nne, na ndivyo walivyohesabu wenzao wa Kobe waliofikisha panya vizazi 25 mwaka 2013. Mwite huyo wa awali "nguruwe chanzo", nawe usimpe namba.

Kuhusu kitenzi, yote mawili yana njia. Kukloni kungefuata mkondo wa kusajili na kunakili, na kutendwa kwake kungekuwa kukloniwa. Mimi napendelea kuklonisha, kwa kuwa kloni ni jina kwanza, nasi tuna desturi ya kuunda kitenzi kutokana na jina kwa kiambishi -sha, kama taifa lilivyotupa taifisha na binafsi ikatupa binafsisha. Kunakili usikutumie. Nakala hulingana na asili yake, ilhali paka wa kwanza wa kloni, aliyezaliwa Texas mwaka 2001, alikuwa na rangi tofauti na paka aliyetolewa seli.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini ni mtego. Usiandike "kiini cha yai", kwa kuwa jikoni hiyo ni ile sehemu ya njano. Andika "kiini cha seli ya yai". Sentensi yako ningeiweka hivi: "Nguruwe huyu ni wa kizazi cha nne cha kloni, kwa kuhesabu kuanzia kloni ya kwanza ya nguruwe chanzo, alipatikana kwa kuhamishia kiini cha seli ya mwili ya nguruwe wa kizazi cha tatu katika seli ya yai iliyoondolewa kiini chake."