Jibu: Chakula kitamu lakini wateja hawaji

Dadangu, umesema biriani yako inasifiwa na kila anayeionja, ila kibanda chako cha Kisauni kinashinda viti vitupu. Basi upishi si tatizo. Anayepita njia hajui kilichomo sufuriani. Toa karai nje, kaanga viazi hapo mbele ya macho yao, bakuli la ukwaju kando, na umwonjeshe mtu kimoja bure. Bei ziandike ubaoni kwa herufi kubwa. Wengi huona haya kuuliza. Namba ya M-Pesa nayo ibandike ionekane.

Lakini mimi naona kubwa ni saa. Mbaazi na mahamri vikitoka saa mbili, makondakta na mafundi washakula kwengine. Saa kumi na mbili uwe tayari, kila siku. Ukifunga siku mbili kimya kimya, wamehamia kwa jirani. Picha ya chakula cha mchana itume WhatsApp saa tano, njaa inapoanza kuuma. Ramadhani ikiingia, hamia jioni, uuze futari ya kubeba.

Na weka maji ya kunawa na sabuni, tafadhali. Mi huangalia hapo kabla ya kukaa.