Mkimya apewe kitambaa, na maneno ya kuanzia

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Mchezaji asiyependa kuongea anaweza kuwa nahodha, au tumwache acheze tu?" Anaweza, na mara nyingi ndiye anayefaa kuliko wote. Kinachoharibu ni maandalizi. Tunamvisha kitambaa cha unahodha Jumamosi, Jumapili tunamwambia: "Sasa wewe ni kapitene, piga kelele." Akijaribu, wenzake wanasikia sauti isiyo yake na kumpuuza. Akinyamaza, wanasema ana majivuno.

Sisi wa Lubumbashi, Kongo, tumezoea kiongozi anayeonekana. Mwaka 2010, klabu yetu ya Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, dunia nzima ilimkumbuka kipa Robert Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na tuliipenda. Lakini imetufanya tudhani kwamba moyo wa kuongoza lazima uonekane kwa macho. Sheria ya 3 ya soka yenyewe haidai kelele: inasema nahodha hana hadhi wala upendeleo wa pekee, ila ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa timu yake.

Kabla ya yote, mtenganishe mkimya na mwoga. Mtazame akiwa na marafiki wawili chini ya mti baada ya mazoezi. Akiongea vizuri pale na kunyamaza mbele ya watu 20, huyo ni mkimya: anataka muda wa kufikiri na kundi dogo. Lakini yule anayetaka kusema jambo, midomo ikatetemeka, akaacha, ana hofu, na hofu hupunguzwa kidogo kidogo: leo aongoze kupasha mwili moto, wiki ijayo aeleze zoezi moja. Makocha wengi huwapa wote wawili dawa moja, yaani kuwasimamisha mbele ya timu ghafla "wajifunze kuongea". Mwoga huumia, na mkimya hujifunga zaidi.

Kura ya kunyoosha mikono nayo humpa kitambaa mwenye mdomo. Tumia karatasi, uliza swali moja: "Tukiwa tumefungwa mbili na zimebaki dakika kumi, unamtazama nani?" Jina la mkimya hutokea hapo mara nyingi kuliko kocha alivyotarajia.

Sasa sauti, maana uwanjani haikwepeki. Ifundishwe kama mpira wa adhabu unavyofundishwa. Chora mraba wa mita 20 kwa 20, weka wanne kwa wanne, dakika tatu kila raundi. Raundi ya kwanza kila mtu anaongea. Ya pili anaongea nahodha peke yake. Ya tatu wote kimya. Kisha waulize wenzake, si yeye, ni neno gani walilikosa. Rudia mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita. Maneno yasizidi matano: "mgongoni" kama kuna mtu nyuma, "geuka" kama nafasi ipo, "panda" yaani sogea mbele, "shuka" yaani rudi nyuma, na "tulia". Mbele ya neno liwekwe jina la anayeambiwa, la sivyo kila mmoja atadhani anaambiwa mwenzake.

Neno litoke mpira ukiwa bado njiani. Likitoka ukiwa umefika mguuni, mpokeaji ameshaamua, na sauti inamchanganya tu. Hapa ndipo wakimya wengi hukosea: wanaona hatari mapema kuliko wenzao, ila wanasubiri wawe na hakika. Mwambie wazi kwamba kukosea mara moja kati ya kumi kuna nafuu kuliko kuchelewa mara zote kumi. Siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo, watani wao wa mji huu, hata mwenye koo la chuma hasikiki, kwa hiyo kila neno liwe na ishara yake ya mkono, na ishara hizo zifanyiwe mazoezi vilevile.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya makocha haviligusi. Kijana wa miaka 19 kutoka mitaa yetu ya Katuba au Kenya hawezi kumkemea yaya, yaani kaka mkubwa, wa miaka 27 mbele ya watu. Akiwa mkimya, ndiyo kabisa. Kabla ya msimu, kocha akae na hao wawili. Halafu yaya mwenyewe aiambie timu: "Akiniita, nitageuka." Uwanjani kijana aseme "Yaya, shuka!" Heshima imebaki, amri imefika.

Kazi zingine zigawe. Mmoja awe wa kupandisha morali na nyimbo, mwingine wa kufuatilia wanaochelewa, beki wa kati au kipa awe sauti ya nyuma. Nahodha abaki na kocha na mwamuzi. Tangu 2024 mashindano yameruhusiwa kuweka utaratibu wa nahodha pekee kumfuata mwamuzi. Nahodha akiwa kipa, mchezaji mwingine huteuliwa kwa kazi hiyo. Kazi hii inamfaa mtu mtulivu. Mfundishe sentensi mbili tatu za Kifaransa, maana kigugumizi chake mara nyingi ni cha lugha, na kwa Kiswahili angeongea bila shida.

Mapumziko ya mechi hayazidi dakika 15, na si lazima ahutubie. Dakika za kwanza wanywe maji. Yeye apite kwa wachezaji wawili na kuwaambia jambo moja kila mmoja, kwa sauti ya chini. Nguvu yake kubwa iko hapo, ana kwa ana. Siku za mazoezi azungumze na wenzake wawili, dakika tano kila mmoja. Timu ya watu 22 ikifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, atakuwa amewafikia wote ndani ya wiki nne. Aulize: "Nini kinakusumbua uwanjani?" na aandike jibu kwenye daftari.

Daftari hilo lina hatari yake. Watu wakigundua kwamba anasikiliza, watamletea kila kitu: nauli, ugomvi wa nyumbani, nafasi ya kucheza. Mkimya hatalalamika, atabeba tu, hadi mchezo wake ushuke na wewe udhani kitambaa kimemshinda. Kila Jumatatu kaeni dakika kumi, afungue daftari, na mambo ya pesa na ya kupanga timu yahamie kwako siku hiyohiyo. Na baada ya mechi usimkabidhi kwa mwandishi wa redio hapohapo. Mwache kwanza dakika 20 peke yake, afungue viatu.