Mpe mpelelezi wako sababu ya kuwa barabarani

Ndugu, umeuliza utamfanyaje mpelelezi wa kujitegemea wa hadithi yako azunguke magharibi mwa Marekani, miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bila kugeuka kauboi aliyevalishwa suti. Hadithi za aina hii nazipenda sana, kwa hiyo nakujibu kwa moyo wote.

Anza na kazi inayomtoa nyumbani. Mimi ningempeleka Reno, Nevada. Tangu 1931 jimbo hilo lilitoa talaka kwa mtu aliyeishi humo wiki 6 tu, na mwaka huohuo likahalalisha kamari. Wake wa matajiri walitoka mbali, wengine wakapanga kwenye ranchi zilizopokea wageni, wakisubiri siku zitimie. Mume aliyebaki New York akitaka kujua mkewe anaonana na nani, atamtuma nani? Hapo umepata farasi, jangwa, pesa na wivu bila kulazimisha chochote.

Kisha mbane. Leseni yake ya upelelezi ni ya jimbo moja. Akivuka mpaka ni mgeni tu mwenye maswali mengi. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, amechaguliwa na watu wa kaunti yake, basi ana wapiga kura wa kuwalinda. Simu ya mbali inapitia kwa opereta, mtu anayeunganisha simu kwa mkono, na katika mji mdogo opereta anaweza kusikiliza. Usiliache hili, lina utamu.

Bastola ichelewe. Amua kwanza aliona nini vitani, Okinawa au Italia, na kwa nini hataki kutulia mahali pamoja.